Mchimba Makaa wa Ibra

Miaka yote aliyokuwa jirani yetu pale Ibra, Omani, sikupata kumwona akilala chini ya paa. Nyumba alikuwa nayo, ya udongo, vyumba viwili na ua wenye mkunazi mmoja, lakini kitanda chake cha kamba kilikaa juu ya dari, nje chini ya nyota, kiangazi na baridi. Mwezi wa Januari, umande unaposhuka mpaka makuti ya mitende yakadondosha matone kama mvua, tulikuwa tukimwona alfajiri kajikunja ndani ya blanketi jeusi la sufu, na ukungu umelala naye. Mama akimwonea huruma. Alimpelekea neno kwamba chumbani kuna joto, naye akajibu kwamba joto la chumbani ameshalilala la kutosha.

Tulimwita Mchimba Makaa. Jina lake nililijua, maana hospitalini, nilikokuwa nikifanya kazi ya uuguzi, nilimwandikia kadi kwa mkono wangu. Lakini ndimi za mtaani zilishindwa nalo, na mwenyewe hakupenda litajwe. Akisema jina la mtu ni la kuitwa na waliomlea, na waliomlea yeye wako mbali. Basi na mie siliandiki. Pasi yake ilimwita Mbelgiji, mtaa ukamwita Mzungu, na yeye akisema ni mtu wa Ukraini. Baba yangu, aliyesomesha Unguja miaka mingi, aliitafuta nchi hiyo kwenye atlasi yake ya skuli asiione. Rangi moja tu, ya Warusi, ilitandazwa kutoka ukingo wa ukurasa huu mpaka ukingo wa ukurasa wa pili. Mchimba Makaa akaweka kidole mahala katikati ya rangi ile, akasema, "Hapa. Iko chini yake."

Siku ya kwanza alikuja kuomba chumvi. Sisi wenyewe tulikuwa wageni bado. Watu wakisema "tumerudi", neno la ajabu kwangu mie niliyezaliwa Malindi ya Unguja na sikuwahi kuuona mlima hata mmoja wa Ibra kabla ya siku lori lilipotushusha pale na masanduku yetu. Kiarabu changu kilikuwa cha chuoni, cha kusomea, si cha kununulia nyanya. Mchana ule jua lilikuwa limesimama juu ya mtaa, hata mbuzi wamenyamaza, na kuta za udongo zilikuwa zikitikisika machoni kama vitu vinavyoonekana ndani ya maji. Mlango ukagongwa polepole. Nikafungua. Mzungu mrefu, mabega yameinama mbele, na kwenye paji la uso na migongo ya mikono ana michirizi ya buluu kama mtu aliyechanjwa kwa wino.

"Jambo, mama," akasema. "Niko natafuta munyu kidogo."

Mama akauliza kutoka ndani ni nani, nikamwambia simjui, lakini anasema kama sisi.

Kusema kama sisi ilikuwa si kweli, na baba alinirekebisha jioni ile ile. Kiswahili cha Mchimba Makaa kilikuwa cha Kongo ya kusini. Watu kwake walikuwa "batu", vitu vilikuwa "bintu", na ngeli zote alizimwaga katika kapu moja. Baba alisema kwamba mtu huyu amekichukua Kiswahili katika mfuko uliotoboka, na njia nzima kimekuwa kikimdondoka. Lakini lile neno munyu lilimkaa moyoni. Kwetu lilikwisha kufa, wakilitumia bibi zetu tu, na hapa limekuja mlangoni kinywani mwa Mzungu, katikati ya jangwa. Baba hakuweza kumwacha mtu wa namna hiyo. Kesho yake alimpelekea mwaliko wa kahawa.

Hapo ndipo ulipoanza urafiki wao. Jioni, akishatoka kazini kwake kwenye kampuni ya kuchimba visima, Mchimba Makaa alikuja akakaa na baba kwenye baraza yetu, upande wa juu wa upepo, mbali na jiko. Moshi wa makaa hakuupenda. Mama akipika kahawa, yeye alihama na mto wake bila ya kusema kitu, kama anavyohama mtu aliyekalia jua. Baba akamsomesha. Akamfundisha kusoma, kuandika, hata methali, na mwanafunzi alikuwa hodari. Ila neno "batu" halikumtoka. Baba alimwambia sema watu, naye akasema batu. Alimwambia tena mwezi mzima, mpaka siku moja Mchimba Makaa akaweka kikombe chini akaeleza.

Kiswahili alifundishwa na mtu mmoja, Mkongo, waliyechimba naye makaa ya mawe chini ya ardhi na kula naye sufuria moja. Humo hamna taa ila ya kichwani, na mtu unamjua kwa sauti yake. Siku moja dari la shimo likashuka. Mchimba Makaa akabaki upande huu wa mawe na mwenziwe upande ule, na katikati pana tundu la kupitisha mkono. Walishikana mikono, wakazungumza, mpaka mkono wa mwenziwe ukawa wa baridi. Akapanda juu siku hiyo, akaapa kwamba hatoingia tena chini ya ardhi.

"Mwalimu," akamwambia baba, "nikisema watu, yeye hayumo."

Baba hakumrekebisha tena neno hilo hata siku moja. Ile michirizi ya buluu nayo niliielewa baadaye. Makaa ya mawe yakiingia kwenye jeraha, jeraha hupona nayo yakabaki ndani. Hayatoki kwa sabuni wala kwa dawa.

Maisha yake hakuyasimulia kwa mpango. Yalikuja vipande vipande, kwa miaka, na mie niliyaunganisha kama nilivyoweza. Huenda vipande vingine nimeviweka sipo. Alikuwa na umri wa miaka kumi na sita askari wa Kijerumani walipomtoa kijijini kwao, wakamtia katika behewa la ng'ombe pamoja na wengine, wakampeleka Ujerumani kuchimba makaa. Mama yake alikimbia kando ya gari la moshi, ana kitu mkononi anataka kumpa, hakuwahi. Alikuwa kitu gani hakujua. Kuna siku alisema mkate, kuna siku akasema soksi. Vita vilipokwisha akasikia kwamba waliorudi kwao wanaitwa wasaliti na kupelekwa kambini, kwenye baridi nyingine, basi hakurudi. Ubelgiji walikuwa wakitaka watu wa kushuka mashimoni, akashuka. Kutoka huko akapelekwa Kongo, na baada ya kiapo chake akajifunza mashine za kuchimba maji, kazi ambayo mtu hubaki juu na chuma ndicho kinachoshuka. Chuma hicho ndicho kilichomleta Uarabuni.

Kwa mama yake hakuandika barua. Si kwa kusahau. Alisema katika nchi ile barua ya mtu aliyebaki nje ni sawa na kaa la moto kulitia ndani ya nyumba ya makuti. Watu wa serikali wangeisoma kwanza kabla ya kuisoma mama yake. Afadhali nyumbani wadhani amekufa.

Mama yangu hakuwa na haraka ya kumpenda mtu asiyesali. Kilichombadilisha ni mkate. Siku moja kipande kilianguka barazani, Mchimba Makaa akainama akakiokota, akakibusu, akakiweka juu ya ukuta mahala ambapo mguu haufiki. Mama alikuwa akitazama kupitia dirishani. Kwetu ndivyo tunavyofanya, na ndivyo wafanyavyo Waarabu wote wa pale, lakini hakuna aliyemfundisha. Mama akamuuliza ameona wapi, akasema kwao. Udogoni mwake ilikuja njaa moja iliyokula vijiji, na tangu siku zile mkate ukianguka wanauomba radhi. Hata mwisho wa chakula alilowesha ncha ya kidole akaokota chembe moja moja mpaka mkeka ukawa safi. Tangu siku hiyo sahani yake ilitoka jikoni kwetu kila Ijumaa, na mwezi wa Ramadhani yeye hakula mbele ya mtu. Mwaka mmoja alifunga mwezi mzima pamoja na wafanyakazi wake. Imamu akafurahi, akidhani karibu atasilimu. Mchimba Makaa akamwambia kwa adabu kwamba njaa anaijua tangu mtoto, amekaa nayo tu kama jirani.

Na imamu huyo huyo ndiye aliyemwokoa katika kesi ya kabichi. Kila majira ya baridi Mchimba Makaa alilima kabichi na viazi vyekundu, vile viitwavyo bitiruti, kwenye kipande cha shamba alichopewa kando ya maji. Viazi hivyo alivipika supu nyekundu iliyowatisha watoto. Kabichi aliikatakata, akaitia chumvi, akaifunika ndani ya mtungi kwa majuma. Harufu ikatoka. Watu wakanong'onezana kwamba Mzungu anapika pombe ndani ya mtaa wa Waislamu, wakaenda kumwita imamu. Imamu akaja, akafunua mtungi, akanusa, akachukua jani moja kwa vidole viwili akatia mdomoni. Tukamngoja. Akatafuna sana.

"Hii achari," akasema, akaomba bakuli.

Lakini jambo lililomfanya aheshimiwe pale Ibra ni masikio yake. Alikuwa haingii mahala kabla ya kuweka kiganja ukutani na kutulia kidogo, kichwa kimeinama, kama daktari anayesikiliza kifua. Alisema jiwe na udongo havinyamazi, ila husema polepole, na watu wana haraka. Baba alikuwa na ghala ya tende nyuma ya nyumba, jengo la zamani la babu yake, limeezekwa kwa boriti za mikoko zilizoletwa kwa chombo kutoka pwani ya Afrika zamani hizo. Jioni moja Mchimba Makaa alipita akaweka mkono pale, akakaa muda mrefu, kisha akamwambia mama atoe tende zote kesho asubuhi na asimruhusu mtu kuingia. Mama akazitoa, kwa kumridhisha tu. Siku ya tatu, adhuhuri, hakuna upepo wala mvua, ukuta ukakaa chini taratibu kama mzee anayekaa. Vumbi lilipotulia zilibaki boriti zimelaliana juu ya kifusi, nzima zote. Baba akazipanga uani, akisema iko siku zitafaa.

Mwaka huo wingu jeusi lilitoka milimani, bonde likafurika siku mbili. Maji yalipopungua, falaji ya mtaa wetu ikakauka. Asiyejua falaji ajue kwamba ni mfereji uliochimbwa chini ya ardhi na watu wa kale, unatoka chini ya mlima na kwenda gizani masafa marefu kabla ya kutokeza mashambani, na juu yake, kila baada ya hatua kadhaa, pana kishimo cha kupitisha hewa na watu. Bila ya falaji mitende inakufa, na mtaa unahama. Watu wawili wakashuka kuizibua. Asubuhi ile ile ardhi ikaporomoka juu yao. Mmoja akatoka anatambaa, mdomo umejaa udongo. Wa pili, Hamed, akabaki ndani. Alikuwa jirani yetu nyumba ya tatu, baba wa watoto wanne.

Mie niliitwa na mkoba wangu wa dawa. Nilimkuta mke wa Hamed amekaa juu ya tuta la udongo karibu na kishimo, mikono juu ya magoti. Watu wamejaa. Shekhe wa mtaa alikuwa amekwisha kupeleka habari ili iletwe mashine kubwa ya kufukua. Mchimba Makaa akaja na mavazi yake ya kazi, akalala kifudifudi, sikio juu ya ardhi, na mtaa mzima ukanyamaza. Hata sasa nikifumba macho nauona ule ukimya: milima ya rangi ya kutu imetuzunguka, joto linacheza juu ya mawe, na mtu mmoja amelala chini kama anayemsikiliza mama yake.

Akainuka. Akasema Hamed yu hai, anagonga. Akasema pia kwamba mashine ikifika, mtikisiko wake utamuua kabla haijamfikia.

Baba akamwambia kwa sauti ndogo, "Bwana, wewe uliapa."

"Niliapa," akasema. Akavua viatu.

Kwanza alitaka magogo ya kutegemezea. Wakamletea vigogo vya mtende. Akavigonga, akavikataa, akasema mtende unakufa kimya. Yeye alitaka mti unaolia kabla ya kuvunjika, mtu aliye chini yake apate kusikia na kukimbia. Baba akakumbuka boriti za ghala. Zikaletwa, Mchimba Makaa akazigonga moja moja kwa jiwe, akainamisha kichwa, akakubali. Wakazikata vipande. Akashuka kwa kamba, na watu wakampelekea zile boriti zetu za kutoka Afrika, kipande baada ya kipande, ndani ya ardhi ya Ibra.

Tulikaa pale tangu asubuhi mpaka alasiri. Udongo ulipanda ndani ya makapu. Mara kwa mara sauti yake ilitoka kishimoni, imezunguka na kuwa nene, kama inatoka katika usingizi. Mwanzo alisema Kiarabu chake cha kuokotaokota, halafu Kiswahili, halafu ikaja lugha ambayo hakuna hata mmoja wetu aliyeijua, laini, maneno yake yanateleza. Alikuwa akizungumza na Hamed. Hakunyamaza. Mke wa Hamed akanishika kifundo cha mkono, akakikamata hivyo hivyo saa nzima, na mie sikuthubutu kukitoa. Mara moja tulisikia boriti ikilia, mlio mrefu mwembamba, na sauti ya Mchimba Makaa ikakatika. Nilihesabu pumzi zangu. Kisha akaendelea pale pale alipoishia.

Walimtoa Hamed mguu umevunjika mara mbili na macho yamefumbwa kwa udongo. Nilimfunga mguu kwa vijiti. Baadaye alinambia kwamba alikuwa ameshaona usingizi mzuri unakuja, ikaja ile sauti ikamkataza. Nikamuuliza ilisema nini, maana lugha ile haijui. Akasema yote aliyafahamu.

Mchimba Makaa alipanda wa mwisho. Nyuma yake maji yalikuwa yamekwisha kuanza kusogea. Alikwenda mpaka pale falaji inapotokeza shambani, akakaa ndani ya mfereji na nguo zake, maji machafu yakimpita kiunoni, watoto wakipiga kelele za furaha huku na huku. Baba akakunja kanzu akaingia majini akakaa ubavuni mwake. Nilipeleka blanketi, ndiyo sababu niliyasikia maneno yao.

Baba alimwambia, "Umeingia humo, nawe unaogopa karatasi?"

Mchimba Makaa akachota maji kwa kiganja, akajipangusa udongo usoni. Kisha akasema, "Na wewe, Mwalimu?"

Hapo sina budi kusema la kwetu. Baba alimwacha Unguja dada yake mkubwa, aliyemlea. Tuliondoka baada ya mapinduzi bila ya kuagana naye, na tangu siku ile baba hakumwandikia. Akisema barua kutoka Uarabuni itamtia dada yake katika kuulizwaulizwa. Lilikuwa neno la kweli miaka ya mwanzo. Miaka iliyofuata ilikuwa ni aibu tu, na Mchimba Makaa, mtu wa masikio, alikuwa ameshaisikia.

Wakaandika Ijumaa iliyofuata, barazani kwetu, kila mmoja upande wake wa mkeka, kama wanafunzi wanaofanya mtihani. Baba aliandika kurasa sita. Mchimba Makaa aliandika nusu ukurasa kwa herufi zake zinazofanana na vijiti, akaniomba mie niandike anwani juu ya bahasha. Barua yake ilikwenda kwanza kwa rafiki yake wa zamani Ubelgiji, ili rafiki huyo aitie katika bahasha nyingine.

Jibu la shangazi lilifika kabla ya miezi minne. Ndani yake mlikuwa na matusi ya mapenzi na habari za waliokufa, na baba alilia akicheka. Jibu la Mchimba Makaa halikuja. Kila barua ya shangazi ilipofika, baba mwanzo alimsomea rafiki yake, naye akasikiliza kwa furaha ya kweli, akiuliza habari za shangazi kama mtu anayemjua. Mwaka ukapita. Baba akaanza kuzificha barua chini ya mto akisikia hatua zake. Mchimba Makaa alilijua hilo pia. Siku moja akamwambia mama kwa upole, "Mwambie Mwalimu asome tu. Mi nafurahi kusikia ya batu ingine." Lakini baba hakuweza tena.

Katika miaka hiyo walikuja wataalamu kutafuta makaa ya mawe huku kwetu, jimbo la Sharqiyah, upande wa kuelekea Sur, na wakayapata. Kwa kuwa walisikia habari zake, walimletea kipande nyumbani, wakitaka aseme neno. Mie nilikuwepo. Alikishika, akakipindua juani, akakinusa, akakikwangua kwa kucha. Tulidhani atachukia. Akakilaza kiganjani kama kifaranga. "Huyu bado mutoto," akasema. "Mumuache alale." Wale wataalamu wakacheka, lakini yeye hakuwa akifanya mzaha, na jioni ile kahawa yake ikapoa bila ya kuonjwa.

Baba alifariki mwanzoni mwa miaka ya themanini. Mchimba Makaa alikuwa miongoni mwa waliochimba kaburi, hakuna aliyemzuia. Alichimba pembe za mwanandani, pale anapolazwa maiti, kwa mkono, akaulainisha udongo kwa kiganja, kisha wakati wa sala akasimama nyuma, peke yake, kofia mkononi. Mwaka uliofuata kampuni ilimhamisha, na mie nikapelekwa hospitali ya Nizwa kuwa mkunga. Hatukuonana muda mrefu.

Nilimkuta miaka sita baadaye, pale Nizwa, kwenye benchi la wagonjwa wa nje. Asubuhi ilikuwa imejaa vumbi jepesi la dhahabu, ngome na mitende vimefifia kama picha iliyofuliwa. Nilipita na mafaili yangu, nikasikia kikohozi, nikakijua kabla ya kumwona mwenyewe. Amekuwa mwembamba, nywele zote nyeupe.

"Shikamoo, Ami," nikamwambia.

"Marahaba, binti wa Mwalimu." Akanisogezea nafasi.

Alisema amekuja kupigwa picha ya kifua, japokuwa anajua kilichomo. Akaniuliza habari za mama, za Hamed, za falaji. Kisha akatoa barua mfukoni. Ilikuwa imekunjwa na kukunjuliwa mpaka mikunjo imetoboka. Ilitoka kwa dada yake. Alipoondoka kwao, dada huyo alikuwa na umri wa miaka minane, na sasa ni bibi mwenye wajukuu.

Akanisomea kwa Kiswahili, polepole, akifasiri. Barua yake ilifika ile. Dada alikuwa na hofu ya kujibu, akangoja nyakati zilegee, na nyakati zilichelewa. Lakini mama yao alisomewa. Alikuwa bado yu hai, na alisomewa mara nyingi mpaka akaihifadhi. Vita vilipokwisha na mwanawe hakurudi, mama huyo alichimba kaburi katika makaburi ya kijiji, akazika shati la mwanawe, akasimamisha msalaba wenye jina lake. Kila mwaka baada ya Pasaka alikwenda kukaa pale na mkate na mayai, akizungumza na shati. Miaka zaidi ya thelathini. Alipojua kwamba mwanawe yu hai Uarabuni alimshukuru Mungu, akafurahi, na mwaka uliofuata akaenda kaburini vile vile. Watu wakamwambia hamna mtu humo. Akasema anajua.

"Alipokuwa anakufa," akasema Mchimba Makaa, "aliwaambia bamuzike pale, upande wangu. Dada akasema, mama, yeye hayuko. Mama akasema, yule wa mbali sikumulea akawa mutu mukubwa. Huyu nimekaa naye."

Akakunja barua. Mkono wake wenye michirizi ya buluu ulikuwa umetulia kabisa. Nilimuuliza dada yake anataka nini sasa. Akasema anauliza kama waondoe msalaba wake, maana si jambo jema mtu aliye hai kuwa na kaburi, na watoto wa kijiji wanauliza.

"Ukamjibu nini?"

"Nimejibu jana. Nimesema muache jina yangu hapo hapo. Nimesema mama asilale peke yake."

Kutoka wodini walikuwa wakiniita. Nikawatumia neno kwamba nakuja, nikaweka mafaili chini, nikakaa naye mpaka zamu yake ilipofika.